Springi ngumu za nyuma: faida ya dereva, gharama ya tajiri

Na Mwandishi Wetu, Songea

MSIMU wa mahindi unapofika Ruvuma, ombi moja huwafikia wamiliki wengi wa magari madogo ya biashara mjini hapa. Dereva huja na kueleza kuwa gari likipakia linalala nyuma, linagonga chini kwenye mashimo, na kwamba fundi ameshaona dawa yake: zifungwe springi ngumu zaidi. Gharama si kubwa, kazi ni ya nusu siku, na kesho yake gari liko barabarani. Tajiri hutoa fedha, na pengine hushukuru kuwa amepata dereva anayelijali gari lake.

Kabla ya kutoa fedha hizo, tajiri angefanya vizuri kujiuliza nani hasa ananufaika na springi hizo. Kwa gari linaloendeshwa kwa hesabu ya siku, jibu si lile linaloonekana kwa haraka.

Magari yanayozungumzwa hapa ni yale madogo kutoka Japani, Toyota IST, Vitz, Raum, Spacio na Probox, ambayo sehemu nyingi nchini yamepewa jina la michomoko. Yananunulika, yanakula mafuta kidogo, na vipuri vyake vinapatikana. Kwa mwekezaji mdogo mwenye akiba ya miaka michache, au watu wawili watatu waliochanga, ndiyo njia nyepesi ya kuingia katika biashara ya usafirishaji. Asubuhi gari hubeba abiria kutoka Peramiho au Namtumbo. Mchana viti vya nyuma hulazwa na gari likageuka la mizigo.

Tatizo linaanzia hapo. IST, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Vitz, haikuchorwa kwa ajili ya gunia. Utaratibu wa Japani wa kusajili gari la abiria humhesabu kila mtu kwa kilo 55. Gari la watu watano hivyo hupangiwa mzigo wa kilo 275, na dereva yumo ndani ya hizo. Akikaa dereva wa kilo 70, zinabaki kilo 205, yaani magunia mawili ya kilo 100 na mkoba wake wa chakula. Anayepakia magunia manne tayari amepita kiwango kwa karibu kilo 200, na kama ni ya lumbesa, yale yanayojazwa hadi kushonewa kofia juu, amepita zaidi na hajui kwa kiasi gani.

Probox ya mizigo ni habari nyingine. Hiyo ilitengenezwa iwe gari la kazi, na kiwango chake ni kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele. Mfanyabiashara anayelinganisha bei ya IST na ya Probox sokoni aweke tofauti hiyo ya uwezo kwenye mahesabu yake tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo anayojaribu kuinunua baadaye kwa fundi, kwa bei ya springi mbili.

Springi inafanya nini

Wengi huamini springi ngumu huongeza uwezo wa gari kubeba. Haiongezi. Inachoongeza ni urefu wa gari kutoka chini likiwa limepakia.

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Springi ya nyuma ya gari dogo inabonyea sentimita moja kwa kila kilo 20. Gari likiwa tupu, kila springi ya nyuma imebeba kama kilo 160, hivyo imebonyea sentimita 8. Yakipakiwa magunia manne juu ya ekseli ya nyuma, kila upande huongezewa kilo 200 na springi inabonyea hadi sentimita 18. Hapo chuma kinakutana na kile kipande cha mpira kinachozuia ekseli isigonge bodi, na kila shimo linasikika hadi kwenye meno.

Sasa weka springi ya urefu uleule inayohitaji kilo 30 kwa sentimita. Kwa mzigo uleule inabonyea sentimita 12. Gari limesimama sentimita 6 juu zaidi, halilali tena, dereva anafurahi. Lakini kilo zilizo juu ya tairi ni zilezile. Kilo zilizo juu ya beringi za magurudumu ni zilezile. Breki zinatakiwa kusimamisha uzito uleule. Tairi ya 175/65R14 ambayo hufungwa kwenye magari mengi ya aina hii huwa na namba 82 pembeni, maana yake inaruhusiwa kubeba kilo 475 ikiwa na upepo kamili, na hakuna springi inayobadilisha maandishi hayo.

Kilichobadilika ni kwamba dalili imeondolewa. Magari madogo hayapandi mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inashughulika na magari ya kuanzia tani tatu na nusu. Trafiki anaweza kulisimamisha gari lililozidishiwa mzigo, lakini naye hukadiria kwa macho. Tajiri aliyeketi dukani kwake Mfaranyaki akiliona gari lake linapita limelala nyuma, anajua limezidishiwa. Baada ya springi ngumu, gari lenye magunia matano litapita mbele ya duka lile likiwa limenyooka kama lililobeba magunia mawili.

Wanaozitafuta kwa makusudi

Kuna watu duniani wanaofunga springi ngumu nyuma ya gari dogo bila kuwa na gunia hata moja. Hao ni wenye mchezo wa kukimbiza magari kwenye viwanja vya lami. Sababu yao inamhusu sana mfanyabiashara wa Songea.

Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele lina tabia moja: likiingia kwenye kona kwa kasi, mbele kunakataa kugeuka na gari hutaka kwenda moja kwa moja. Viwanda hulifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa dereva wa kawaida akiona hivyo huachia mafuta na gari hurudi kwenye njia yake. Mkimbizaji hapendi. Anachotaka ni gari ligeuke upesi, kwa hiyo anafunga springi ngumu nyuma. Kwenye kona, nyuma iliyokaza huuhamishia uzito wote kwenye gurudumu moja la nje, mshiko wa jumla wa nyuma unapungua, na mkia wa gari unakuwa tayari kuzunguka. Picha za Volkswagen Golf GTI, iliyoingia sokoni mwaka 1976, zimejaa magari yaliyoinua gurudumu la nyuma la ndani juu kabisa ya lami. Huo ndio ukakamavu wa nyuma unaozungumzwa. Japani nako Vitz yenyewe, ndugu wa IST, ilikuwa na mashindano yake ya chapa moja, zikifungwa springi na shokapu maalumu za kazi hiyo.

Kwa maneno mengine, springi ngumu ya nyuma kwa gari lisilo na mzigo ni kifaa cha kulegeza mkia wa gari. Mkimbizaji anakilipia, naye yuko kwenye uwanja mpana, lami laini, bila lori linalokuja mbele yake.

Dereva wa Songea naye anakuwa na gari hilohilo kila anaporudi tupu. Ameshusha mahindi, viti vimeinuliwa, nyuma hakuna kitu, springi ziko zimenyooka kwa ajili ya magunia ambayo hayapo. Kwenye changarawe nyuma inarukaruka na tairi zinakuwa hewani nusu ya muda. Kwenye lami ya kwenda Njombe, kwenye kona za milima ya Lukumburu, mvua ya Januari ikiwa imeanza kunyesha na vumbi bado halijaoshwa barabarani, mtu akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia ndio unaotangulia. Dereva aliyezoea kupita hapo na mzigo hajui kuwa gari tupu ni gari jingine.

Mbio za magari si jambo geni Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mshindi wa kwanza alitumia Volkswagen ndogo. Waandaaji wa magari ya mbio kama hizo hukaza springi, lakini hawaishii hapo: hubadilisha shokapu ziendane nazo, huimarisha bodi na mahali ekseli inaposhikwa, na gari lao hubeba uzito karibu uleule tangu kuanza hadi kumaliza. Kwetu hubadilishwa springi peke yake, na uzito unapanda na kushuka kwa mamia ya kilo mara nne kwa siku.

Hesabu ya dereva na hesabu ya tajiri

Tuingie kwenye fedha. Takwimu zifuatazo ni za mfano, kila msomaji aweke za kwake.

Tajiri amekubaliana na dereva hesabu ya shilingi 25,000 kwa siku, mafuta juu ya dereva. Baada ya springi mpya, dereva anaongeza magunia mawili kwa kila safari, safari mbili kwa siku, na kila gunia linalipa shilingi 4,000. Hiyo ni 16,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 416,000 kwa mwezi. Toa mafuta ya ziada, bado zimebaki fedha nzuri. Zote zinakwenda kwa dereva, maana hesabu ya tajiri haikubadilika hata senti moja.

Upande wa pili, tairi nne za shilingi 400,000 zilizokuwa zikidumu miezi 16 sasa zinadumu 10. Gharama yake imepanda kutoka 25,000 hadi 40,000 kwa mwezi. Shokapu mbili za nyuma za 160,000, zilizodumu mwaka mmoja na nusu, sasa zimekufa katika miezi tisa, yaani kutoka karibu 9,000 hadi 18,000 kwa mwezi. Tayari tajiri amepoteza 24,000 kila mwezi kabla ya kugusa beringi, bushi za ekseli na klachi au giaboksi inayovuta mzigo ambao haikupangiwa.

Tuseme ukweli: 24,000 kwa 416,000 si hasara ya kutisha. Ukichukua gari, dereva na tajiri kama mfuko mmoja, kwenye karatasi magunia ya ziada yanalipa, na ndiyo maana yanabebwa. Kinachovuruga mahesabu ni mambo mawili. La kwanza, mfuko si mmoja. La pili, hasara kubwa haiji kila mwezi, huja mara moja. Ekseli ya nyuma ya IST ni boriti moja ya chuma inayojisokota kidogo magurudumu yanapopanda na kushuka. Ikipinda au ikipasuka kwenye kiungo, gari linaegeshwa. Kila siku linapolala gereji tajiri anakosa 25,000, na kama kipuri kinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, ni siku kadhaa. Dereva hutafuta gari jingine wiki hiyohiyo.

Bima nayo isomwe vizuri. Mikataba ya bima huwa na masharti kuhusu gari kutumiwa nje ya matumizi yaliyoandikishwa au kupakiwa kupita uwezo wake. Gari lililokatiwa bima kama la binafsi, likapata ajali likiwa na magunia matano ya watu, litamwacha mwenyewe akijieleza mbele ya kampuni, na huenda maelezo yasitoshe.

Kwa hiyo dereva anapoomba springi ngumu, jibu la kibiashara si lazima liwe hapana. Ni kuuliza: utabeba nini, kilo ngapi, na hesabu itapanda kiasi gani? Dereva anayetaka springi kwa sababu ya barabara mbovu atazungumza hayo bila shida. Yule anayetaka magunia ya siri ataanza kusema labda zile za zamani bado zinafaa.

Kinachouzwa sokoni

Kwenye gari la springi bapa, zile za pickup zilizopangwa moja juu ya nyingine, fundi huongeza jani moja na kazi imekwisha. Magari madogo ya siku hizi yana springi za kuzunguka, za koili, ambazo haziongezwi jani. Hivyo zimezuka njia nyingi, na si zote zinafanya kazi moja.

Spesa, kile kisahani kigumu kinachowekwa juu au chini ya springi, huinua gari tu. Ugumu wa springi unabaki uleule, na likipakia linashuka sentimita zilezile. Kwa mtu ambaye shida yake ni gari kukwaruza kwenye barabara za vijijini bila mzigo mkubwa, spesa ndogo inaweza kumtosha. Kipande cha mpira kinachochomekwa katikati ya mizunguko ya springi ni tofauti: hicho huzuia mizunguko kufanya kazi, na springi inakuwa ngumu kweli, lakini hubanwa sehemu moja na mara nyingi huvunjikia hapo.

Springi yenye waya mnene ndiyo njia halali ya kupata ugumu, ila wengi hawajui jinsi ugumu unavyopanda. Unene wa waya ukitoka milimita 10 kwenda 11, mengine yote yakiwa sawa, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 46. Ukienda 12, springi imekuwa ngumu mara mbili. Fundi anayesema "imezidi kidogo tu" apewe rula. Kukata springi nako huifanya ngumu zaidi: ukiondoa mzunguko mmoja kati ya sita inayofanya kazi, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20, lakini gari linashuka chini, kinyume kabisa na kilichotakiwa. Na springi iliyopashwa moto kwa gesi ili inyooshwe au ifupishwe isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Moto huondoa ugumu uliotiwa chuma hicho kiwandani. Italegea au itakatika.

Wanaoagiza spea za mtumba Gerezani, Kariakoo, wawe macho na jambo moja zaidi. Miongoni mwa springi zinazoshushwa kutoka Japani zimo za magari ya mchezo, mara nyingi zimepakwa rangi nyekundu au ya buluu. Muuzaji atasema ni ngumu, na atakuwa amesema kweli. Asilolitaja ni kuwa zimetengenezwa fupi ili gari lilale karibu na lami. Zikifungwa kwenye IST ya Songea zitaleta ugumu wote wa kukimbilia na kuondoa nafasi yote ya kupita kwenye mashimo.

Aliyeamua kufunga springi ngumu afunge zote mbili, kushoto na kulia, za kipimo kimoja, pamoja na shokapu zinazoendana nazo. Shokapu ya zamani ilipangwa kutuliza springi laini. Ikipewa ngumu inashindwa, na gari huendelea kuchezacheza baada ya kila tuta. Baadaye gari lijaribiwe likiwa tupu, siyo na mzigo tu kama ilivyo desturi.

Kwenye baadhi ya vigari vya mizigo kuna jambo ambalo fundi wa haraka hulisahau. Chini, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo. Nyuma ikishuka kwa mzigo, vali hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Nyuma ikiwa juu, hupunguza. Springi ngumu huiweka nyuma juu hata gari likiwa limepakia, hivyo vali hudhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu wakati zinapohitajika. Vali hiyo irekebishwe siku ileile springi zinapofungwa. Taa za mbele nazo zielekezwe upya.

Kwa anayetaka kununua gari lililokwishatumika hapa mkoani, alama za historia hii ziko wazi akiinama. Atazame nafasi kati ya tairi ya nyuma na bodi: ikiwa kubwa kuliko ya mbele kupita kawaida gari likiwa tupu, springi si za kiwandani. Apapase kile kipande cha mpira cha kuzuia ekseli. Kama kimesagika au hakipo kabisa, gari hilo limebeba sana hata kabla ya kubadilishwa springi. Aangalie kama tairi za nyuma zimelika upande wa ndani tu, dalili ya ekseli iliyopinda, na azungushe kila gurudumu likiwa juu ya jeki akisikiliza mlio wa beringi. Akikuta mawili kati ya hayo, gharama ya ekseli, shokapu na springi za kawaida ikokotolewe palepale na kuondolewa kwenye bei kabla ya kwenda kuandikishana.